KIZURI CHAJIUZA, LAKINI HAKIMTAJI FUNDI WAKE

Na Mwalimu wa Historia

Wazee wetu husema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo tumeisikia sote, na mara nyingi hutumiwa kumnyamazisha mtu anayejisifu kwa bidhaa zake. Ni methali ya kweli. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikifikiri kwamba ina upungufu, na upungufu huo umechangia kutupotezea majina ya mafundi wetu wa Unguja. Katika makala haya nitaeleza habari za kadi ambazo wauza samani wa zamani walizipiga chapa ili kujitangaza. Kisha nitaonyesha kwa nini sisi wa Zanzibar yafaa tuziangalie kwa makini, ingawa nyingi zilitoka nchi za mbali.

Nianze nyumbani. Kwetu pana kabati kubwa la msaji. Milango yake ina nakshi za maua, na bawaba zake za shaba hazijalegea mpaka leo. Baba yangu alilinunua kabla mimi sijazaliwa. Siku moja nilipokuwa kijana nilimwuliza, "Baba, nani aliyelifanya kabati hili?" Akanijibu, "Fundi mmoja wa Mkunazini." Nikasema, "Jina lake nani?" Baba akanyamaza kidogo, akatazama juu, kisha akasema, "Sisi tukimwita Fundi." Basi, habari ikaishia hapo. Nyumba nzima inalijua kabati, wala hakuna amjuaye aliyelifanya. Baba naye sasa ni marehemu, na karatasi hatuna hata moja.

KADI YA DUKA NI KITU GANI?

Huko London, katika karne ya 17 na ya 18, wenye maduka walikuwa na desturi ya kupiga chapa karatasi ndogo za kuwapa wateja wao. Waingereza huziita kadi za biashara, lakini jina hilo lisikupoteze, msomaji. Nyingi hazikuwa kadi ngumu kama kadi ya harusi, bali zilikuwa karatasi nyepesi, nyingine ndogo kama kiganja cha mkono, nyingine kubwa kama ukurasa wa kitabu. Juu yake paliandikwa jina la mwenye duka, mahali duka lilipo, na orodha ya vitu anavyouza au anavyotengeneza. Pembeni palikuwa na mapambo, na mara nyingi palikuwa na picha ya kiti, meza, kioo au kitanda.

Karatasi hiyo ilifanya kazi nyingi. Mteja akija kuuliza bei alipewa aende nayo nyumbani, asije akalisahau duka. Akinunua, mwenye duka aligeuza upande wa nyuma akaandika hesabu, na karatasi ikawa stakabadhi. Wengine waliibandika ndani ya mtoto wa meza au nyuma ya kioo, ili kitu kikiharibika baada ya miaka mingi mwenye nacho ajue pa kukipeleka.

Tena wakati ule mtu asingeweza kusema tu, "Njoo nyumba nambari fulani." Mpaka miaka ya 1760 maduka mengi ya London hayakuwa na nambari. Kila duka lilikuwa na alama yake iliyoning'inizwa juu ya mlango: samaki, taji, jua, kiti. Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1718 na kufa mwaka 1779, alikuwa na karakana katika njia iitwayo St Martin's Lane, na alama yake ilikuwa Kiti. Kadi ilichora alama hiyo na kueleza kwamba duka liko karibu na kanisa fulani au mkabala na hoteli fulani.

Jambo hili sisi wa Mji Mkongwe twalielewa upesi kuliko watu wengi. Mgeni akikuuliza njia huko Kiponda au Malindi, humtajii nambari. Wamwambia, "Nenda mpaka msikitini, kata mkono wa kushoto, pita baraza ya wazee, utauona mlango." Kadi ya mwuza samani wa London ilisema maneno ya namna hiyo hiyo, ila iliyasema kwa wino.

Liko jambo jingine litakalowashangaza wanafunzi. Maseremala na wapamba nyumba wengi wa wakati ule walitangaza katika kadi zao kwamba wanauza vitanda, meza na vioo, na papo hapo kwamba wanashughulikia maziko. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Aliye na mbao na mafundi wa kufanya kabati anaweza pia kufanya jeneza, na aliye na vitambaa vya pazia anaweza kuleta vitambaa vyeusi vya msiba. Basi mtu huyo huyo aliyemuuzia bwana arusi kitanda ndiye aliyekuja kumzika akiwa mzee.

NAMNA ZILIVYOPIGWA CHAPA

Kadi za kwanza nzuri zilipigwa chapa kwa bamba la shaba. Fundi mchoraji alichukua bamba laini, akachonga maneno na picha kwa chuma chenye ncha kali. Ilimpasa achonge kinyumenyume, maana bamba likikandamizwa juu ya karatasi, kulia huwa kushoto. Bamba likiisha lilipakwa wino, kisha likafutwa uso wake mpaka wino ukabaki ndani ya michoro tu. Karatasi iliyotiwa unyevu iliwekwa juu, na vyote vikapitishwa katika mtambo wenye magogo mawili mazito. Karatasi ikanyonya wino kutoka katika michoro. Mchoraji mkubwa William Hogarth alianza maisha yake kwa kazi ya namna hii. Kadi ya duka lake mwenyewe, yenye jina lake na mwaka 1720, imehifadhiwa mpaka sasa.

Mwishoni mwa karne ya 18, Mjerumani mmoja jina lake Alois Senefelder alivumbua njia mpya ya kupiga chapa kwa jiwe. Njia hii huitwa lithografia, na siri yake kila mpishi anaijua: mafuta na maji havichanganyiki. Mtu huchora juu ya jiwe laini kwa wino wenye mafuta, kisha hulilowesha jiwe maji. Wino wa kupiga chapa, nao una mafuta, hushika mahali palipochorwa tu, na mahali penye maji huukataa. Baadaye watu walijifunza kutumia jiwe moja kwa kila rangi, na hapo ndipo kadi zilipopata rangi nyingi za kuvutia macho.

Kadi hizo za rangi zilienea sana Marekani baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876. Viwanda vya chapa vilitengeneza maelfu ya kadi zenye picha za watoto, maua na paka, na nafasi tupu ikaachwa chini. Mwuza viti wa mji mdogo alinunua mia chache, akaongeza jina lake na mtaa wake katika nafasi ile. Watoto walizikusanya na kuzibandika katika madaftari. Ilipokaribia mwaka 1900 magazeti yenye matangazo yalikuwa yamekwisha enea kila mahali, na kadi zikaanza kupungua mpaka zikaachwa.

NAMNA YA KUISOMA KADI

Mwanafunzi wa historia akipata kadi ya zamani asiridhike na kuitazama uzuri wake. Na aiulize maswali kama hakimu anavyomwuliza shahidi.

Kwanza, nani anayesema? Je, ni fundi aliyefanya kitu kwa mikono yake, au ni mwenye duka aliyenunua kwa mafundi akauza?

Pili, yuko wapi? Mtaa ukitajwa, twaweza kujua biashara gani ilikaa pamoja na biashara gani.

Tatu, anauza nini? Orodha ya vitu hutuonyesha watu walilala juu ya nini, walikula juu ya nini, na walitamani nini.

Nne, anajisifu kwa nini? Mmoja hutaja bei nafuu, mwingine hutaja wafalme waliomnunulia, mwingine husema ana mitindo mipya. Kila mmoja anatuambia wateja wake walipenda kuambiwa nini.

Tano, anatudanganya wapi? Shahidi huyu si mkweli siku zote. Chippendale alitoa kitabu cha michoro ya samani mwaka 1754, na mafundi wengi wakainakili michoro yake. Picha ya kiti katika kadi si ushahidi kwamba mwenye kadi aliwahi kukifanya kiti kile.

Sita, nini kiko nyuma? Huenda upande wa pili una hesabu, tarehe na jina la mnunuzi, na mara nyingi hayo ndiyo yenye faida zaidi kuliko yote.

Wala usisahau swali la saba, ambalo ni gumu kuliko mengine: nini hakikutajwa? Swali hilo ndilo litakalotuleta kwetu.

SANDARUSI NA PEMBE ZETU

Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na merikebu za kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts zikaja Unguja kwa wingi. Zilileta nguo, na ndiyo maana mpaka leo tunaziita merikani. Zilileta pia vitu vya nyumbani, kama viti, vioo na saa, ambavyo viliingia katika nyumba za matajiri wa Mji Mkongwe. Zikirudi kwao zilichukua pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi.

Sandarusi ni utomvu wa mti, ulioganda na kuwa mgumu kama kioo. Iliyo bora haikuchumwa mtini. Ilichimbwa ardhini katika nchi ya Mrima, mahali ambapo miti yenyewe ilikwisha kufa zamani sana na utomvu wake ukabaki udongoni. Ikiisha kuoshwa, uso wake huonekana una vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa, na kwa alama hiyo wafanyabiashara waliitambua. Ile changa isiyokomaa iliitwa chakazi. Wazungu walishindwa kulitamka neno hilo vizuri, wakaligeuza kuwa neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume! Basi katika vitabu vya biashara vya karne ya 19 utaona sandarusi ya punda, na punda mwenyewe hayumo.

Huko Salem palikuwa na kiwanda cha kusafishia sandarusi, mali ya Jonathan Whipple. Ikisafishwa, iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi. Vanishi ya sandarusi ya Zanzibar ilisifiwa kuliko nyingi kwa ugumu wake, na ilipakwa juu ya samani na magari ya farasi ya watu wakubwa. Vilevile pembe za ndovu zilizopita katika forodha yetu zilifika Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut. Huko zilikatwa vipande vyembamba na kuwa vibonyezo vya piano, na wauza piano na vinanda walikuwa miongoni mwa waliopenda sana kadi za rangi.

Sasa itazame tena ile kadi nzuri ya Marekani. Yuko mama ameketi mbele ya piano inayong'aa, na chini yake pameandikwa jina la duka na mtaa. Hapajaandikwa jina la mchimbaji wa Mrima aliyepiga jembe juani. Hapajaandikwa mpagazi aliyebeba pembe begani miezi kadha wa kadha kutoka bara, na wapagazi wengine walikuwa watumwa. Kadi ilitaja mwuzaji tu. Aliyekuwa na wino akabaki, asiyekuwa nao akasahauliwa.

HAPA KWETU UNGUJA

Wengine watasema, "Huko walikuwa na mitambo ya chapa, sisi hatukuwa nayo." Hivyo sivyo. Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na hawakukaa sana kabla ya kuanza kupiga chapa vitabu hapa. Katika enzi ya Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, ilianzishwa matbaa ya Sultani iliyochapa vitabu vya Kiarabu. Gazeti la serikali lilianza kutoka mwaka 1892, nalo lilikuwa na matangazo ya biashara. Wino ulikuwapo, na karatasi zilikuwapo.

Na kazi nzuri ilikuwapo pia. Nani asiyejua samani za pwani yetu? Viko viti vya enzi, vyenye migongo mirefu na vipande vya pembe au mfupa vilivyotiwa katika mti mweusi. Viko vitanda vya samadari vyenye miguu iliyokerezwa. Yako makasha yaliyopigwa njumu za shaba, mengine yalikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, mengine yakafanywa hapa hapa. Na juu ya yote iko milango. Mlango wa Mji Mkongwe ndio uliokuwa kadi ya mwenye nyumba: ulimwambia mpita njia kwamba humu anakaa mtu mwenye uwezo. Lakini tazama maandishi yaliyochongwa juu yake. Mara nyingi ni aya ya Kurani, au mwaka, na pengine jina la mwenye nyumba. Jina la aliyeushika mlango ule kwa patasi miezi mizima ni nadra sana kuliona.

Desturi yetu ya kutangaza ilikuwa ya mdomo. Palipokuwa na jambo, ilipigwa mbiu. Palipokuwa na kitanda au kasha la kuuza, alikuwapo dalali, na mnada ukafanyika. Dalali alikuwa kadi yenye miguu na sauti. Alitaja mti, akataja nakshi, akapiga kasha kwa kiganja watu wasikie uzito wake. Mnada ukiisha, maneno yake yakaenda na upepo.

Hata hivyo si kila mtu wa pwani aliacha jina lake liende na upepo. Tazama kanga za mama zako. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye watu walimwita Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake hupigwa chapa maneno "Mali ya Abdulla". Kanga huvaliwa, hufuliwa, hufifia, na jina lingali lasomeka. Tazama pia wapiga picha wa Unguja, kama A. C. Gomes na ndugu wa Pereira de Lord. Walitoa kadi za posta zenye picha za mitaa yetu na milango yetu, na majina yao yakapigwa chapa juu ya kadi hizo. Kwa hiyo tunamjua aliyeupiga picha mlango, wala hatumjui aliyeuchonga. Picha ilikuwa kazi ya dakika chache, na mlango ulikuwa kazi ya miezi. Tofauti ni kwamba mmoja aliandika jina, na mwingine aliamini kuwa kizuri chajiuza.

WATU 2,500

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Huko London alikuwapo mtu aitwaye Ambrose Heal, aliyezaliwa mwaka 1872 na kufa mwaka 1959. Hakuwa profesa wala mtawala. Alikuwa mwuza samani, mkuu wa duka la ukoo wake. Mtu huyu alipenda kukusanya kadi za zamani za maduka, karatasi ambazo wenzake waliziona takataka. Kabla yake alikuwapo bibi mmoja, Sarah Sophia Banks, aliyekufa mwaka 1818, ambaye naye alikusanya kadi na karatasi za namna hiyo. Makusanyo yao yote mawili sasa yamo katika makumbusho makubwa ya London, British Museum, na ni maelfu ya karatasi.

Mwaka 1953 Heal alitoa kitabu juu ya mafundi na wauza samani wa London wa tangu mwaka 1660 mpaka 1840. Katika kitabu hicho aliorodhesha majina 2,500, na mitaa yao, na miaka waliyofanya kazi, na akatia picha za kadi zao. Fikiri, msomaji: watu 2,500, wengi wao mafundi wadogo wasiokuwa na mali wala cheo, wanajulikana kwa majina baada ya miaka mia mbili na zaidi. Na miongoni mwa vitu vilivyowaokoa ni vipande vya karatasi ambavyo havikuwa na thamani hata ya pesa moja siku vilipotolewa.

Niliposoma habari hiyo nilichukua kalamu nikajaribu kuandika majina ya mafundi seremala na wachonga milango wa Unguja waliofanya kazi kabla ya mwaka 1964. Niliwauliza jamaa zangu na walimu wenzangu. Tulipata majina machache yasiyojaza nusu ya ukurasa, na mengi yalikuwa ya jina moja tu, "Fundi fulani". Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na nakshi za milango ni moja ya sifa zake kubwa. Wageni huja kuipiga picha milango hiyo kila siku. Lakini mgeni akituuliza, "Nani aliyeuchonga?", twamjibu kama baba yangu alivyonijibu mimi.

Zaidi ya hayo, vitu vyenyewe vinaondoka. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu wengi waliohama waliacha au waliuza samani zao, na tangu wakati huo makasha na viti vingi vya zamani vimenunuliwa na kupelekwa ng'ambo. Kasha likiondoka na karatasi iliyobandikwa ndani yake, habari zake huondoka nalo.

TUFANYE NINI?

Siandiki haya ili tulie. Kazi ipo, na wanafunzi wa skuli yetu wanaweza kuifanya bila gharama yoyote. Hii ndiyo kazi ninayowapa kwa likizo hii, na nawaomba wazazi mtusaidie.

Nyumbani kwako tafuta kitu cha mti kilicho cha zamani kuliko wewe: kasha, kabati, kitanda, kiti au mlango. Omba ruhusa kwa wakubwa, kisha tazama mahali pasipoonekana: chini ya mtoto wa meza, nyuma ya kioo, ndani ya kifuniko cha kasha, chini ya kiti. Ukiona karatasi iliyobandikwa, usiibandue, wala usiipake maji, wala usiibandike utepe wa plastiki juu yake, maana gundi yake huharibu karatasi. Ipige picha kwa simu ya mzazi, na uinakili maneno yake katika daftari kama yalivyo, hata kama yana makosa. Huenda ukaona pia maandishi ya penseli au alama ya chuma. Hayo nayo yanakili.

Usipoona kitu, uliza. Nenda kwa bibi au babu, umsalimu, umwache aseme kwa wakati wake. Andika nani alilinunua, mtaa gani, mwaka gani kadiri anavyokumbuka, na fundi aliitwa nani. Tafuta na karatasi nyingine za zamani zilizomo nyumbani: stakabadhi za maduka, kalenda za ukutani zenye jina la duka, bahasha, na kadi za harusi zenye jina la aliyezipiga chapa. Hizo ndizo kadi zetu. Tukisharudi skuli tutaziweka nakala pamoja, na orodha yetu tutawapelekea watu wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ili isibaki kabatini kwangu tu.

Namalizia kwa habari fupi. Juzi nilipita karakana ya fundi mmoja mjini, anayechonga makasha kwa mti wa mfenesi. Nilimkuta anamaliza kasha zuri sana. Baada ya kumwamkia nilimwambia, "Mzee, mbona huandiki jina lako?" Akacheka akasema, "Mwalimu, nani atakayeinama kusoma chini ya kasha?" Nikamjibu, "Mjukuu wa atakayelinunua." Akanyamaza. Kisha akachukua patasi ndogo, akaligeuza kasha, akachonga jina lake, na jina la baba yake, na mwaka. Kazi hiyo haikumchukua muda mrefu. Alipomaliza alipuliza unga wa mbao, akalitazama jina lile kama mtu aonaye picha yake kwa mara ya kwanza.

Iko methali nyingine ya wazee wetu, nayo yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Naiweka hii pembeni ya ile ya kwanza. Kizuri na kijiuze, lakini sisi na tuandike jina la aliyekifanya.